Lori Linalonyamaza Nikipanda

Mara ya nne Calvince alipoingiza lori lake getini, mafundi wote wa gareji waliweka spana chini wakaniangalia mimi. Hawakuangalia lori. Mtu mmoja alipiga mluzi. Mzee Eliakim, mwenye gareji, alitoa kichwa chini ya trekta akasema, "Chemutai, mteja wako," kisha akarudisha kichwa akicheka.

Niseme mapema: mimi ni fundi mzuri. Sijipigi kifua, nasema tu vile ilivyo. Nina miaka sita kwenye gareji hii, hapa nje kidogo ya Kabianga, kwenye barabara inayokwenda kiwanda cha chai, na lori likitoka mikononi mwangu huwa limetoka. Wanafunzi wa chuo kikuu wakipita hunipiga picha nikiwa nimelala chini ya ekseli, na mimi huwafukuza kwa matusi madogo madogo. Kwa hivyo lori moja linaporudi mara nne na ugonjwa uleule, hasira zangu, ambazo hata siku nzuri haziko mbali, huwa zimeshafika kabla dereva hajazima injini.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa kelele.

"Ni ko-ko-ko," Calvince alikuwa akieleza, mikono hewani. "Halafu inafanya ngwaa. Hapa nyuma ya kichwa yangu, upande wa kulia. Nikiingia shimo, ko-ko-ko. Nikikata kona ya kupanda, ngwaa!"

Lilikuwa lori kubwa la kubeba majani chai, aina ile ambayo kabini imekaa juu ya injini, na ukitaka kuifikia injini unaipampu kabini nzima mpaka inainama mbele. Mara ya kwanza nilibadilisha bushi zote za springi za mbele. Mara ya pili nikaweka shokapu mpya. Mara ya tatu nilikaza bolti za springi mpaka mikono ikatetemeka, nikafunga ekzosi, nikafunga tangi la dizeli, nikafunga hata kile kisanduku cha spana ambacho kilikuwa hakijamkosea mtu. Kila mara tulitoka kulijaribu, Calvince akiendesha na mimi nimekaa kiti cha kushoto, sikio nje ya dirisha. Na kila mara lori lilikuwa kimya kama kanisa siku ya Jumatatu.

"Unaona?" Calvince alikuwa akisema. "Ukiingia tu, inanyamaza."

Maneno hayo aliyasema mbele ya gareji nzima, tena kwa sauti, tena bila aibu. Watu walicheka mpaka wengine wakaketi juu ya matairi. Tangu siku hiyo, nikipita na ndoo ya grisi, kuna mtu atasema "nyamaza, amepanda," na wengine wananyamaza kwa pamoja. Niliwarushia matambara. Niliwarushia hata nati.

Shida yangu ni kwamba nilikuwa nimefurahi. Nilifurahi vibaya. Calvince Okoth ni kijana mrefu, babake alitoka upande wa ziwa akaja kufanya kazi kwenye mashamba ya chai, yeye akazaliwa hapahapa, na anaongea Kipsigis vizuri kuliko binamu zangu waliokwenda kusomea Nairobi. Akicheka hucheka na mabega. Kila lori lake lilipoonekana likishuka mlima, nilikuwa nikienda nyuma ya stoo kupangusa uso, na kwa kuwa kitambaa kilikuwa na grisi, nilirudi nikiwa mchafu zaidi. Mtu mzima, fundi wa magari makubwa, mwenye leseni ya magari makubwa!

Sasa, kiti cha kushoto cha lori lile kina mwenyewe. Mwenyewe ni Maxine, karani wa kupima majani, ambaye huzunguka na Calvince vituo vyote kutoka asubuhi mpaka saa sita, kisha anashukia kwao na Calvince anamalizia safari ya kiwandani peke yake. Maxine alipoulizwa kuhusu kelele, alijibu bila kuinua macho kwenye simu.

"Kelele gani? Mimi hukaa hapo siku mzima. Sijawahi sikia kitu. Huyo Calvo ako na ugonjwa ingine, na dawa yake mnaijua."

Hapo ndipo utani ulipogeuka. Maneno ya Maxine yalifika kwa Bwana Momanyi, mkubwa wa magari pale kiwandani, mtu anayependa fomu na asiyependa kuchezewa. Ijumaa hiyo ya mara ya nne, Calvince alipokuwa bado anaegesha, Momanyi alinipigia simu.

"Chemutai, nakuheshimu. Lakini hiyo lori imelala gareji siku nne kwa miezi mbili. Mpaka saa kumi leo, uniambie hiyo kelele ni nini. Ikikosekana, Jumatatu Calvince anaenda kuendesha lori ya kuni huko Mulot. Sitaki dereva wa kutafuta bibi na gari ya kampuni."

Saa kumi. Ilikuwa saa saba na robo.

Niliirudisha simu mfukoni. Mulot si mbali sana, gari linafika, lakini lori la kuni haliji Kabianga, na dereva wa kuni analala hukohuko. Kama Calvince alikuwa akidanganya, basi alistahili Mulot, na mimi nilistahili kuchekwa kwa kufurahia uongo. Kama alikuwa akisema kweli, basi alikuwa anafukuzwa kwa sababu mimi, fundi mzuri, nilikuwa nimeshindwa kuona kitu kilichokuwa mbele ya macho yangu. Sijawahi kumwomba Mungu gari liwe bovu. Siku hiyo niliomba.

Nilimwendea Calvince, nikamsimamisha mbele ya bampa.

"Niangalie uso. Kuna kelele ama hakuna?"

"Kuna."

"Calvince, usinicheze. Leo si siku ya kunicheza."

"Yawa, Chemu! Naapa na mama yangu Jerusa, kuna kelele."

"Maxine anasema hakuna!"

"Maxine akiwa ndani, hakuna. Wewe ukiwa ndani, hakuna. Nikibaki peke yangu, inaanza. Nimekuambia hiyo maneno tangu mara ya kwanza, na kila mtu anacheka. Hata wewe unacheka."

Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimpigie kelele. Nikaufunga.

Peke yake. Kwenye gareji ya Mzee Eliakim hakuna gari linalotoka getini na mtu mmoja. Ni sheria, imeandikwa ukutani kwa rangi nyekundu, tangu mwaka ambao dereva fulani alitoka kujaribu breki akaonekana tena baada ya siku tatu, ng'ambo ya Narok. Watu wawili kila mara. Mwaka nenda mwaka rudi, sijawahi kujaribu lori nikiwa peke yangu, na wala sijawahi kumwacha dereva atoke kulijaribu bila mimi.

"Nipe ufunguo," nikasema.

"Tunaenda?"

"Naenda. Wewe unabaki chini."

Eliakim alinisikia kutoka uvunguni. "Chemutai! Sheria ni watu wawili!"

"Ni wawili, mzee! Mmoja anaendesha, mwingine anakimbia nyuma!"

Nikapanda, nikarekebisha kiti, nikatoka getini. Kwenye kioo nilimwona Calvince akikimbia kweli, kofia mkononi, miguu mirefu ikienda kila upande, na nikaanza kucheka kabla sijafika hata kwenye lami. Nilikunja kushoto kwenye barabara ya changarawe inayopanda katikati ya chai. Kuna shimo pale mwanzo, kila dereva wa Kabianga analijua. Nikaliingia makusudi.

Ko-ko-ko!

Nyuma ya kichwa changu, upande wa kulia, vilevile.

"Iko!" nilipiga kelele peke yangu ndani ya kabini. "Iko! Iko! Mungu wangu, iko!"

Nikakata kona ya kupanda. Ngwaa! Sijawahi kusikia sauti tamu namna hiyo. Nilipiga honi. Niliimba wimbo wa kwaya, sehemu ya kwanza na ya tatu, kwa kuwa ya pili siijui. Alikuwa hadanganyi! Miezi miwili kijana wa watu alikuwa akisema ukweli mtupu, neno kwa neno! Wachumaji chai waliokuwa kando ya barabara walisimamisha mikono wakanitazama, na mimi nikawapungia kama mtu anayekwenda harusini.

Nilisimama juu ya mlima. Calvince alifika akihema, ameshika mbavu.

"Umesikia?"

"Nimesikia!"

"Si nilikuambia?"

"Panda!"

Akapanda kiti cha kushoto. Nilirudi nyuma kidogo, nikapita palepale penye mashimo. Kimya. Nikasimama.

"Shuka!"

Akashuka. Nikapita. Ko-ko-ko.

"Panda!"

Kimya.

"Shuka!"

Ngwaa.

Kufikia mara ya tano wachumaji walikuwa wameacha chai kabisa. Walijipanga ukingoni, vikapu mgongoni, na walikuwa wakitusaidia kwa sauti moja: "Panda! Shuka! Panda!" Calvince alipanda na kushuka huku akicheka na mabega, jasho likimtoka, na mimi nilikuwa nimeshikilia stelingi nikilia machozi ya kicheko. Mama mmoja mnene aitwaye Janeffer, ambaye wote walionekana kumtii, akasogea dirishani.

"Lakwet, mtoto wangu, hii lori inampenda huyu kijana. Akitoka inalia."

Hapo moyo wangu ukaruka, nakiri. Lakini fundi ni fundi.

"Basi panda wewe, mama. Tuone kama itakulilia."

Janeffer hakusita. Alipanda na kikapu chake kilichojaa, akajifunga mkanda, akakaa kama mkubwa wa serikali. Nikapita kwenye mashimo. Kimya kabisa, tena kimya kuliko cha Calvince. Wenzake walipiga vigelegele, yeye akawapungia mkono, na mimi nikahisi nimevunjika moyo kidogo. Kumbe lori halikuwa linachagua mtu. Lilitaka uzito tu, upande wa kushoto, wa mtu yeyote.

Na hapo hapo, nikiwa bado nimekasirika kwa ajili ya jambo la kipuuzi, nikaelewa. Dereva anakaa kulia. Akiwa peke yake, kabini inalala kulia. Mtu akikaa kushoto, kabini inasawazika na kelele inakwisha. Kwa hivyo springi nilizobadilisha hazikuwa na kosa, shokapu hazikuwa na kosa, na hicho kisanduku cha spana ndiyo kabisa. Kabini yenyewe ilikuwa imekaa vibaya kwenye chesisi, upande wa kulia, nyuma, na chuma kilikuwa kinagonga chuma.

"Mama, shuka. Calvince, weka mawe magurudumu. Tunainua kabini hapahapa."

Niliipampu mpaka ikainama mbele, nikapanda kwenye chesisi, nikapitisha kichwa upande wa nyuma kulia. Pale ndipo kabini hukalia raba moja nene, nyeusi, pana kama kifuniko cha sufuria ya familia. Upande wa kushoto raba ilikuwepo, nzima. Upande wa kulia haikuwepo. Mahali pake palikuwa na soli ya gambuti, imekunjwa mara mbili, imefungwa na waya, imebanwa mpaka ikawa nyembamba kama chapati.

Gambuti, kile kiatu kirefu cha raba, katika nchi hii si ajabu. Kila mtu anayechuma chai ana gambuti, na kila fundi amewahi kukata raba ya gambuti kuziba kitu. Lakini nilivuta ile soli, nikaipangusa, nikaona nambari saba, ya kushoto. Na waya ule ulikuwa umesokotwa kinyume na wanavyosokota watu wengine, kwa sababu aliyeusokota anatumia mkono wa kushoto.

Mimi ndiye ninayetumia mkono wa kushoto. Nambari saba ni mguu wangu.

Nilikaa juu ya chesisi, kila kitu kikanirudia. Miezi miwili nyuma, kabla ya kelele yoyote, lori lilikuja kubadilishiwa oili tu. Nikaona raba imepasuka, stoo hawakuwa nayo, nikakata gambuti langu kuukuu ili ishikilie mpaka Jumatatu. Calvince alikuwa amesimama pale akila mahindi ya kuchoma, akisimulia habari ya ng'ombe aliyepanda kwenye mizani ya majani huko Longisa akakataa kushuka. Nilicheka mpaka nikashusha kabini bila kuandika chochote. Jumatatu ikaja ikapita. Nilikuwa nimeamka nikimfikiria dereva, na raba nikaisahau.

Nilitazama chini. Calvince alikuwa upande wa pili akiwaeleza wachumaji jinsi mashimo yalivyokuwa yakimsumbua. Hakuna aliyeniona. Ningeweza kuitia soli mfukoni mwa ovaroli, nikasema raba imeanguka njiani, na jina langu lingebaki safi. Lakini raba ya kabini ikipotea, fomu ya Momanyi humwandika dereva. Kijana aliyeitwa mwongo miezi miwili kwa sababu ya kiatu changu angeitwa sasa mharibifu. Nilijichukia kwa ule muda mfupi niliofikiria.

Niliinua soli juu.

"Calvince! Kelele yako hii hapa. Ni gambuti yangu. Mimi ndio niliiweka."

Aliitazama soli. Akanitazama mimi. Kisha mabega yakaanza, na akacheka mpaka akakaa chini katikati ya chai, na wachumaji wakamfuata. Mimi sikucheka. Ilikuwa saa tisa na nusu. Mikono yangu ilikuwa na grisi, kwa hivyo nilimwomba Janeffer ashike simu yangu, ampigie Momanyi na kuweka sauti ya nje. Nilijua Eliakim atanirudisha kwenye kupiga grisi mwezi mzima. Sawa. Acha nipige grisi.

"Momanyi hapa. Umepata ama hujapata?"

"Nimepata, bosi. Kabini imelala upande wa dereva. Raba ya nyuma kulia hakuna. Kuna gambuti. Calvince alikuwa anasema ukweli tangu mwanzo."

"Gambuti? Nani ameweka gambuti kwa lori yangu?"

"Ni mimi. Ilikuwa ya kushikilia mpaka Jumatatu, nikasahau."

Wachumaji wote walisogea hatua moja karibu na simu.

"Chemutai," Momanyi akasema, na sasa hakuwa na hasira, alikuwa anashangaa. "Wewe? Wewe mwenye huwa unaandika mpaka nati moja? Ulisahau aje? Hii fomu iko na laini ya sababu. Niandike nini?"

Ningesema kazi ilikuwa nyingi. Ningesema umeme ulipotea. Nilimwangalia Calvince, aliyekuwa bado amekaa chini, jani la chai limenasa kwenye nywele, na furaha ikanijaa nikashindwa kutunga uongo.

"Dereva alikuwa amesimama hapo, bosi."

"Dereva lazima asimame hapo. Ni sheria ya kampuni."

"Ndiyo. Lakini alikuwa anacheka, na mimi nilikuwa namwangalia vile anacheka. Nikashusha kabini juu ya gambuti nikaenda nyumbani. Hiyo ndio sababu. Sina ingine."

Janeffer alipiga kigelegele kimoja karibu kabisa na simu, na wengine wakadakia, mlima mzima. Nilihisi uso unawaka mpaka masikioni. Momanyi alingoja wamalize.

"Hiyo siwezi andika," akasema. "Na huyo Calvince ako hapo? Calvince! Fomu ya siku hiyo niko nayo hapa mbele yangu. Iko na sahihi yako. Imeandikwa, 'Nimekagua kazi, nimeridhika.' Mtu anaweka gambuti chini ya kiti yako, wewe umesimama hapo hapo, macho wazi. Hukuona?"

Calvince alikuwa ameacha kucheka. Alisimama, akavua kofia, akaisogelea simu iliyokuwa mkononi mwa Janeffer.

"Sikuona, bosi."

"Ulikuwa unaangalia nini?"

"Si kabini," Calvince akasema. Alinigeukia, na sauti yake ikashuka, lakini kila mtu alisikia. "Nilikuwa naangalia fundi. Hata leo hiyo kabini siijui inafanana aje."

Momanyi alikohoa kwa muda mrefu. Tukasikia karatasi ikichanwa.

"Mulot imefutwa," akasema. "Lakini raba iwekwe kwanza, na mtu wa tatu awe hapo kuangalia kazi."